Kinyume cha Mwalimu Lu

Kwa miezi kumi na minne niliishi nikiamini kwamba wanawake wa ukumbi wa hisa hapa Chiayi, ambako watu hukaa kutazama bei kwenye skrini ya ukutani, wananiheshimu. Ushahidi nilikuwa nao, nao ulikuwa mapera. Kila asubuhi, kabla soko halijafunguliwa saa tatu, Dada Pi-hsia alipanda ngazi na kikapu chake cha sokoni, vitunguu vya majani vikichungulia nje, akaniwekea mapera yaliyokatwa vizuri na kunyunyiziwa unga wa plamu chachu. Kisha alikaa kiti cha nyuma yangu na kuniuliza kwa sauti ya mwanafunzi mwema, "Mwalimu, leo unanunua nini?"

Nami nilimwambia, tena si kwa mkato. Nilifundisha jiografia miaka ishirini na tisa katika shule ya sekondari ya wavulana, na mtu wa namna hiyo haulizwi swali akajibu kwa neno moja. Nilimweleza hali ya chuma duniani, bei ya mafuta, mvua za Brazili. Dada Pi-hsia aliitikia kwa kichwa, akachukua maneno mawili tu katika hotuba yangu yote, jina la kampuni na "nunua" au "uza", akarudi kwa wenzake watano, wenye vikapu kama chake, waliokaa karibu na mashine ya maji ya kunywa. Walinong'onezana, wakatoa simu zao, kila mmoja akabonyeza. Nilidhani wananifuata. Nilijiona nimestaafu darasa la watoto nikapata darasa la watu wazima, lenye adabu zaidi na linalolipa kwa matunda.

Aliyenifumbua macho ni mke wangu, na alifanya hivyo kwa sababu ya friji.

Tsai-yun anauza wali wa bata mzinga kwenye kibanda karibu na mzunguko wa barabara wenye chemchemi. Ni mwanamke wa maneno machache na uamuzi mwingi. Tumeoana miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakuwahi hata siku moja kuniuliza, "Unaonaje?" Si kwamba haulizi ushauri. Anauliza sana, ila anamuuliza Mungu wa Mji, mlinzi wa hapa petu. Akitaka kubadilisha muuza mchele, huenda hekaluni, hupiga magoti, hurusha vipande viwili vya mbao nyekundu vya kuulizia, na kimoja kikiangukia tumbo na kingine mgongo, yaani ndiyo, hurudi nyumbani na jibu. Rangi ya mlango wetu ilirushiwa mbao mara tatu. Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa sebuleni, mita nne kutoka kwenye mlango wenyewe, nina shahada.

Basi siku moja mwezi wa pili nilikuta kibandani friji mpya, ya milango miwili, inayong'aa kuliko chochote tulichowahi kumiliki. Nikauliza fedha zimetoka wapi.

"Kwako," Tsai-yun alisema, akikata nyama bila kuinua macho.

"Kwangu? Mimi mwaka mzima nimekula hasara tupu."

"Ndiyo hivyo. Wewe ukisema nunua, Pi-hsia ananipigia simu, mimi nauza. Ukisema uza, mimi nanunua. Mzee Lu, wewe kukosea hujui kupumzika. Hiyo friji ni yako kabisa, hata kuipaka jina lako ningeipaka."

Nilidhani ananitania. Nikacheka. Nikaona mteja aliyekaa kwenye stuli anainamia bakuli lake ili nisiuone uso wake, nikaacha kucheka.

"Kwa hiyo wale kina mama..."

"Wanakuita Mwalimu Kinyume. Hukujua? Mpaka muuza dawa wa pale chini ya ukumbi anakuita hivyo. Juzi amenunua pikipiki."

Nieleze vizuri, maana hili ni jambo linalojulikana katika kila ukumbi wa hisa wa kisiwa hiki. Pana mtu mmoja ambaye mkono wake una nuksi. Akinunua, bei inaanguka. Akiuza, inapaa. Mtu huyo ni hazina. Hatukanwi, hafukuzwi, analishwa na kupewa kiti kizuri, watu wanamuuliza afya yake kwa dhati kabisa. Nilikuwa nimesikia habari za watu wa namna hiyo katika kumbi za Tainan na Taichung, na niliwahi kuwacheka mbele ya Dada Pi-hsia huku nikitafuna pera lake.

Niliumia, sikatai. Fedha haikuniuma sana. Pensheni ipo na nilicheza kwa kiasi. Kilichonichoma ni kwamba mke wangu, ambaye hakuwahi kusikiliza neno langu hata la kununua samaki, kumbe kwa mwaka mzima alikuwa akilisikiliza kila siku saa tatu asubuhi, akafanya lililo kinyume, na likamfaa.

"Nitakuonyesha," nilimwambia.

"Utanionyesha nini?"

"Kwamba naweza kupatia."

Tsai-yun aliweka kisu chini. Kwake hiyo ni dalili ya mazungumzo mazito. "Haya. Tuwekeane siku. Mpaka sikukuu ya mashua za joka, joto likianza. Ukiwa hujapatia, akaunti ya hisa inakuja mkononi mwangu, na wewe unakuja hapa kumenya vitunguu. Sikudai faida. Patia tu, ili hata Pi-hsia akiri."

Nikakubali. Ila moyoni nilikuwa na dau jingine ambalo sikulisema. Nilitaka mke wangu aniulize jambo moja, lolote lile, kisha alifanye kama nilivyosema. Niliona kwamba nikipatia mbele ya ukumbi mzima, siku hiyo itafika.

Ndipo nilipotafuta programu moja ya simu. Ilitengenezwa ng'ambo, na watu wanaokula mkate asubuhi, na nililipia mwaka mzima kwa mkupuo kwa sababu kulikuwa na punguzo. Kazi yake ni moja. Unapiga picha ya chati kwa simu, inaitazama, halafu inakwambia imeona umbo gani na umbo hilo kwa kawaida hufuatwa na nini. Kwenye chati kila siku ya soko huchorwa kama mshumaa, wenye utambi juu na chini. Mishumaa ikipangana kwa namna fulani, wazee wa soko waliipa majina tangu zamani. Kuna kichwa na mabega, kuna askari watatu, na kuna ule ninaoupenda mimi, mmezo, yaani mshumaa mkubwa wa leo unaoumeza wote mshumaa mdogo wa jana na kuashiria kwamba upepo umegeuka. Macho ya binadamu, yalisema matangazo yao, huona yanachotamani kuona. Programu haitamani kitu.

Nilisema ndani ya nafsi yangu, hapo sasa. Tatizo langu halikuwa akili, lilikuwa tamaa. Nilifurahi sana kupata maelezo hayo, kwa kuwa mtu hupenda kuwa na kasoro ya kiungwana.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa sitini. Nilisoma tisa. Zilizobaki niliona ni za watu wasiozoea chati na ramani.

Siku ya kwanza nilipoinua simu na kupiga picha ya skrini ukumbini, vikapu vyote sita viligeuka kunitazama.

"Mwalimu, mbona unapiga picha ukuta?" Dada Pi-hsia aliuliza.

"Hii ni programu, Dada. Inatambua maumbo ya chati. Kuanzia leo mimi siamui kwa hisia."

Uso wake ulibadilika. Kwa mara ya kwanza niliona hofu ya kweli machoni mwake, na nikaifurahia. "Kwa hiyo sasa utakuwa unapatia?"

"Tutaona."

"Basi leo inasemaje hiyo programu?" aliuliza, sauti imekauka.

Iliona mmezo kwenye hisa za kampuni ya mabomba. Mmezo wa kushuka, ilisema, uza. Nikauza. Kina mama walibishana kwa dakika kumi nzima karibu na mashine ya maji, nikamsikia A-mien, mdogo kuliko wote, akisema, "Jamani, mazoea yana taabu, mimi nanunua kama kawaida." Wakanunua. Mabomba yakapanda siku nne mfululizo.

Juma lililofuata nililetewa mapera pamoja na papai. "Mwalimu," Dada Pi-hsia aliniambia kwa upole, akinishika bega, "hiyo programu yako ni nzuri sana. Usiiache. Itumie kila siku."

Niliitumia kila siku. Nikawa nakosea kwa ukamilifu ambao zamani sikuuweza. Nilipotegemea akili yangu, nilibahatisha mara mojamoja na kuwaharibia kina mama hesabu. Kwa programu, mambo yalinyooka. Machi ikaisha, Aprili ikaisha. A-mien alitengeneza meno ya mbele. Muuza dawa alikuwa akinifungulia mlango wa chini mwenyewe, na siku ya mvua alinikopesha mwavuli na kunisihi nisije nikapata mafua.

Nyumbani Tsai-yun hakuwa na haraka. Alihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani, na mwanzoni mwa Mei alininunulia kisu kidogo cha kumenyea vitunguu, akakiweka mezani kwangu kwenye karatasi yake ya dukani.

Juma moja kabla ya sikukuu nilikata tamaa kiasi cha kutazama video za watumiaji wengine wa ile programu, huko kwao ng'ambo. Mmoja alikuwa kijana mwenye ndevu, amekaa mbele ya skrini tatu, na skrini zote zilikuwa za kijani toka juu hadi chini. Alikuwa akicheka, akipiga makofi, akimkumbatia mtu asiyeonekana vizuri. Nilimhurumia. Kisha nikamwonea wivu. Nilijiambia, tazama watu wenye imani, wanapoteza kila kitu na bado wanakumbatiana, sisi tungekuwa tumelala na kitambaa cha maji kichwani.

Niliitazama mara ya pili. Mara ya tatu nikasimamisha picha, nikasogeza miwani.

Nyinyi mnaosoma huenda mmeshajua, mimi ilinichukua miezi mitatu. Kwetu hisa ikipanda, mshumaa ni mwekundu. Ingekuwaje vinginevyo? Nyekundu ni bahasha ya mwaka mpya, ni mlango wa bibi harusi. Kijani ni siku ambayo ukumbi mzima unanyamaza na watu wanakwenda kula wali bila nyama. Kwa wale watu wa mkate ni kinyume. Wao kijani ndiyo kupanda, na nyekundu ndiyo hasara. Na ile programu, pale iliponiona nikipiga picha ya skrini yetu, ilisoma rangi kama zinavyosomwa kwao. Kila mshumaa mkubwa mwekundu uliomeza mdogo wa kijani, yaani furaha tupu, yenyewe iliona maafa ikaniambia niuze.

Nilipekua kitabu nikitafuta ukurasa unaotaja rangi. Ulikuwepo, wa arobaini na moja. "Kabla ya kuanza, chagua rangi ya kupanda." Kulikuwa na kisanduku cha kubonyeza, na maneno yalikuwa yamekolezwa wino.

Miaka ishirini na tisa nilisimama mbele ya watoto nikigonga meza kwa rula. Msitazame ramani kabla ya kusoma ufunguo wake. Niliwanyima alama watoto walioona bluu wakaandika bahari pale ambapo ufunguo ulisema ni mpaka wa wilaya. Kijana mmoja aliwahi kulia. Ningejua aliko ningempelekea papai.

Nilichukua daftari langu la miezi mitatu nikaanza kugeuza. Palipoandikwa uza nikaandika nunua, palipoandikwa nunua nikaandika uza. Nilipomaliza nilihesabu mara mbili. Ukigeuza, programu ilikuwa imepatia mara nyingi kuliko ilivyokosea. Ilikuwa na akili timamu wakati wote. Na kina mama wa vikapu, kwa kufanya kinyume cha kinyume, walikuwa wakiifuata barabara, kwa kupitia kinywa changu. Katika ukumbi mzima mtu pekee ambaye hakuwa akitumia programu yangu ni mimi.

Nilibonyeza kile kisanduku.

Jumanne, siku tatu kabla ya sikukuu, nilipanda ngazi nikiwa mtu mpya. Ukutani nilichagua kiwanda kimoja cha skrubu cha mjini Kaohsiung, ambacho nilikuwa na hisa zake chache na ambacho ukumbini tunakiita Skrubu tu. Mshumaa mwekundu mnene ulikuwa umemeza wa kijani wa jana yake. Nilipiga picha. Programu ikajibu mara moja. Mmezo wa kupanda. Nunua.

Nilificha simu mfukoni. Nikasikia kikapu kikitua nyuma yangu.

"Mwalimu, habari za asubuhi. Leo unafanya nini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Nikimwambia ukweli, kwamba nanunua, watauza. Skrubu itapanda, mimi nitakuwa nimepatia mbele ya watu wote na Tsai-yun atakubali. Lakini wao wataumia kwa kufanya kinyume changu kama walivyozoea. Nikiwaambia kwamba nimebadilisha rangi, mambo yamegeuka, sasa nifuateni moja kwa moja, nani ataamini? Dada Pi-hsia ana goti bovu. Ngazi zile ni ishirini na mbili, na kila siku anazipanda akishika ukuta kwa mkono mmoja na mapera yangu kwa mwingine. Najua yalikuwa mapera ya hila. Hata hivyo alikuwa ameyatoa mbegu.

"Nauza," nilisema. "Skrubu. Nauza zote."

"Zote?"

"Zote. Mmezo mbaya sana huu."

Aliondoka kwa kasi ambayo goti lake halikuwa limemruhusu tangu mwaka jana. Nilimsikia kwenye simu. "Tsai-yun, mumeo anauza Skrubu, tena kwa hasira. Nunua, usichelewe." Nami nikaenda chooni, nikajifungia, nikanunua Skrubu nyingi kuliko nilivyowahi kununua kitu chochote. Nilitoka nikiwa nimejaa wema. Nilikuwa nimeshapanga hotuba. Siku ya sikukuu, wote tukiwa tumepata, ningewaeleza kwamba Mwalimu alijua, na Mwalimu aliwalinda. Niliona hata mahali pa kutulia kidogo ili watu wafute machozi.

Jumatano Skrubu ilianguka.

Haikuyumba, ilianguka. Soko lilipofunguliwa ilikuwa kijani, saa nne ilikuwa kijani zaidi, na kabla ya saa sita ilifika chini kabisa pale sheria inaporuhusu hisa kushuka kwa siku moja, ikabaki hapo. Programu haikosei mara zote, ila hukosea mara nyingine, na mara nyingine yangu ilikuwa imenisubiri mimi.

Ukumbi ulinyamaza. Kina mama sita walinigeukia polepole. Nilijua nini kinakuja, nikajikunja kwenye kiti.

"Mwalimu aliuza," alisema A-mien kwa sauti ndogo.

"Aliuza zote," alisema mwingine. "Nilimsikia kwa masikio yangu."

Dada Pi-hsia alisimama akaja mbele yangu. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anavyomtazama jirani aliyetoka hospitali. "Mwalimu," alisema, "umepona lini?"

Sasa niseme ukweli, na ndio unaonitia aibu kuliko rangi na kitabu na vyote. Nilifurahi. Nilikuwa nimekula hasara kubwa kuliko zote za maisha yangu, nilikuwa nimewaingiza watu sita na mke wangu ndani yake, na nilifurahi. Nilisimama, na wao wakanipisha. Muuza dawa alikuwa mlangoni, uso umempauka, akaniita "Profesa". Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nimenyoosha mgongo, na nilifika karibu na chemchemi kabla sijakumbuka kwamba sikuuza kitu.

Tsai-yun alikuwa amefunga kibanda. Alikuwa nyumbani anafunga wali wa kunata kwa majani ya mwanzi, kwa ajili ya sikukuu, kamba ndefu nyeupe zikining'inia kwenye mpini wa ufagio. Aliniwekea bakuli la nyama ya mgongo, ile yenye ngozi, ambayo huwa anawawekea wateja wanaolipa vizuri. Hakukaa. Alifunga vifurushi viwili, akakata kamba, ndipo akasema, bila kunitazama:

"Nilinunua Skrubu jana."

"Najua."

"Pi-hsia anasema ulijua itaanguka. Anasema ukumbi mzima umekiri." Alifuta mikono kwenye aproni. Kisha alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka thelathini na moja. Alinitazama usoni akingoja. "Wewe unaonaje? Niuze kesho, au ningoje?"

Ningeweza kujibu. Naapa jibu lilikuwa mdomoni, hata sauti nilikuwa nimeshaitengeneza, ile ya mvua za Brazili. Angelifuata. Nilitazama mikono yake iliyobanduka ngozi kwa maji ya moto, nikasukuma bakuli kando.

"Sikuuza," nilisema. "Nilinunua. Nilinunua chooni."

"Ulinunua chooni?"

Nikamwambia yote, rangi na kijana mwenye ndevu na ukurasa wa arobaini na moja, na kwa nini nilidanganya. Nilimwambia kwamba nilitaka wapate. Alisikiliza hadi mwisho bila kufunga hata kifurushi kimoja.

"Yaani," alisema polepole, "mwaka mzima umekosea kwa nia yako yote, sisi tukapata. Siku moja ukataka kututendea wema."

"Ndiyo hiyo moja."

Alikaa. Alicheka kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, halafu akaegemea meza akacheka hadi akashika ubavu. Nilingoja akimaliza anipe kile kisu kidogo. Alijifuta macho kwa kiwiko.

"Akaunti inakuja kwangu."

"Inakuja kwako."

"Haya. Lakini hujanijibu. Niuze au ningoje?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Bado unaniuliza mimi?"

"Nani mwingine aliye hapa?"

Simu ilikuwa mfukoni. Sikuitoa. "Sijui, Tsai-yun," nilisema. Neno hilo darasani sikuwahi kulitamka. "Sijui kabisa. Ninachojua ni kwamba naogopa. Ningekuwa peke yangu ningeuza."

Aliizungusha kamba kidoleni. Nilidhani atasema anakwenda hekaluni kurusha mbao. "Na mimi naogopa," alisema. "Basi tuuze."

Alhamisi tulipanda ngazi pamoja. Nilisimama mbele ya mashine ya maji nikawaambia kina mama kila kitu, na sikuongeza hata sentensi moja. A-mien alifunika mdomo kwa mkono. Dada Pi-hsia alinisikiliza huku akisugua goti.

"Kwa hiyo hukupona," alisema.

"Sikupona, Dada. Nisamehe."

"Na leo mnafanya nini?"

"Tunauza," alisema Tsai-yun. "Zote. Zake na zangu."

Nilimwona Dada Pi-hsia akivuta pumzi ndefu ya mtu aliyerudishiwa ardhi chini ya miguu. Alirudi kwa wenzake. Wakanong'onezana. Hakuna hata mmoja aliyeuza.

Sisi tuliuza saa tatu na dakika tano. Saa nne na robo Skrubu iliacha kushuka. Saa tano ilikuwa nyekundu, na saa saba unusu, soko linafungwa, ilikuwa imepanda hadi juu ya bei tuliyonunulia Jumanne. Huko nyuma yetu vikapu vilikuwa vikitikisika, na mtu alikuwa akijaribu kucheka bila sauti, kwa adabu.

Sikuthubutu kumtazama mke wangu. Nilitazama mbele, kwenye ule wekundu wote, nikingoja neno lake. Nililijua. Nilikuwa nimelisikia kuhusu pikipiki niliyonunua, kuhusu shamba la chai la binamu yangu, kuhusu paa na njia ya mkato ya kwenda Tainan. Umekosea, Mzee Lu.

Tsai-yun alichukua mkoba wake, akasimama, akaukung'uta kana kwamba una vumbi.

"Tumekosea," alisema.

Nilimfuata kushuka ngazi. Chini mlangoni alisimama kunisubiri, nami nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa na sikutaka muuza dawa aone. Miaka thelathini na moja yote nilikuwa nakosea peke yangu.